Barua ya wazi kwa wenye haki za Project I.G.I.: mkiuunda upya, ufike tena Tanga

Ngamiani,
Tanga.

Kwa wakuu wa kampuni na studio wenye haki za mchezo wa kompyuta Project I.G.I., pamoja na wote wenye dhamana ya kuunda upya michezo ya risasi ya zamani.

YAH: OMBI LA KUUNDA UPYA MCHEZO HUU KWA NAMNA UTAKAVYOFUNGUKA KATIKA MASHINE ZETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninawaandikia kutoka Tanga, mji wa bandari ulio kaskazini mwa pwani ya Tanzania, ambako mchezo wenu umechezwa kwa miaka mingi bila ninyi kupata habari, na ambako hadi leo ukimtajia mwanamume wa rika langu jina la David Jones, shujaa wa mchezo huo, atakuuliza ulifika misheni ya ngapi, yaani hatua ya ngapi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na nina banda dogo la gemu lenye mashine sita hapa Ngamiani. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi niliyekuwa nikipita kila siku mbele ya intaneti kafe moja ya Barabara ya 8. Kafe ile ilikuwa na kompyuta nane, na mbili kati ya hizo, zile za pembeni ambazo intaneti yake ilikuwa ikisuasua, mwenye kafe aliziachia gemu. Zilikuwa mashine za mtumba, zenye skrini nene zilizopasha joto chumba kizima, na kila usiku mkewe alizifunika kwa vitambaa alivyovishona mwenyewe ili vumbi lisiingie. I.G.I. iliingia mle kwa diski moja ya CD iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, ikakaa. Mashine ilipoharibika, swali la kwanza tulilomwuliza fundi lilikuwa kama gemu imesalimika.

Ninyi mnaijua historia ya mchezo huu kuliko mimi, lakini naieleza kwa ajili ya vijana watakaosoma barua hii. Ulitoka mwishoni mwa mwaka 2000, ukiwa kazi ya studio ya Innerloop ya Norway, na ukasambazwa na kampuni ya Eidos. Injini yake, yaani programu ya ndani inayouendesha mchezo, ilitokana na Joint Strike Fighter, mchezo wa kurusha ndege za kivita uliotengenezwa na studio hiyohiyo, na ndiyo maana ardhi yake ilikuwa pana kiasi kile. Wakati michezo mingi ya aina hii ilimfungia mchezaji katika vyumba na korido, huu ulimsimamisha juu ya kilima akiwa na darubini, kambi nzima ya jeshi imetandazwa bondeni mbele yake, yenye uzio, minara, mabweni na kamera, kisha ukamwachia aamue mwenyewe aingilie upande gani. Hakuna mshale uliomwongoza. Ilikupasa ukae, uangalie mlinzi anazunguka wapi na anageuka lini, uifungue ile kompyuta ndogo yenye picha ya setilaiti uwaone askari wakitembea kama vidoa, ndipo uteremke. Sisi tuliokulia katika mitaa iliyobanana tuliona jambo hilo kuwa la ajabu kabisa: kwamba ndani ya sanduku lile kulikuwa na mahali ambapo macho yanaweza kwenda mbali bila kugonga ukuta.

Kuna jambo moja ambalo nataka mlisome taratibu, kwa sababu wahakiki wa wakati ule waliliona kuwa kasoro, na nina hofu kwamba litakuwa la kwanza kufutwa. Katika I.G.I. huwezi kusevu, yaani kuhifadhi pale ulipofikia, katikati ya misheni. Misheni ni 14, na katika kila moja ukipigwa ukafa, hata kama umebakiza mlango mmoja, unarudi mwanzo kabisa. Anayecheza peke yake nyumbani kwake ana haki ya kulalamika. Kwetu, jambo hilohilo ndilo lililofanya mashine moja iwatoshe watoto saba. Kanuni ilikuwa nyepesi: ukifa, unanyanyuka. Hakukuwa na haja ya saa wala mzee wa kutuamua, kwa sababu mchezo wenyewe ulijua zamu ya nani imekwisha. Na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuona ng'ambo ya pale alipoishia yeye, waliosubiri hawakusubiri kwa chuki. Waligawana kazi nyuma ya kiti. Mmoja alihesabu walinzi waliobaki, mwingine alikumbusha kamera iliyo juu ya lango, mwingine akikataza kwa sauti ya chini, "Usikimbie kaka, watakusikia, inama." Mchezo wenu haukuwa na sehemu ya kucheza watu wengi kwa pamoja, lakini sisi tuliucheza watu saba kwa mikono miwili.

Hata hivyo, kanuni ileile ilituumiza siku umeme ulipokatika. Nakumbuka Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri, siku ambayo Coastal Union walikuwa wakicheza Mkwakwani na mtaa ulikuwa mtupu, kaka mmoja wa Makorora alifika misheni ya mwisho. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akifika pale. Alikuwa amevua kandambili, miguu ameikunja juu ya kiti, na hakuna aliyemsemesha. Umeme ukakatika. Skrini ikajikunja ikawa nukta moja nyeupe katikati, nukta ikafifia, na kwa muda hakuna aliyenyanyuka, kana kwamba tukikaa kimya picha ingerudi. Umeme uliporudi usiku, kaka yule alikuwa amekwishapanda baiskeli kwenda kwao.

Kwa hiyo siombi mwache kila kitu kama kilivyokuwa. Naomba mfikirie sevu ya dharura: mchezo ujihifadhi wenyewe kila baada ya sekunde chache, mashine ikizimika ghafla uendelee ulipoishia, na mara tu unapoendelea kumbukumbu hiyo ifutike, ili mtu asiitumie kukwepa kifo. Hapo kifo kitabaki na uzito wake, na waliosubiri zamu watabaki na haki yao. Anayetaka kusevu popote apendapo mwekeeni chaguo lake kando, nalo lisiwe ndilo la kwanza kuonekana.

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe lililonifanya nikae kuandika. Michezo ya risasi ya siku hizi imekuwa mizito mno. Call of Duty: Modern Warfare wa mwaka 2019, baada ya nyongeza zake, ulivuka GB 200 katika kompyuta. Doom, uliotoka Desemba 1993, sehemu yake ya kwanza ilisambazwa bure na watu wakaipitisha mkono kwa mkono kwa diski za flopi. Sisemi turudi kwenye flopi. Ninasema kwamba michezo hii ilifika mbali, hadi Tanga, kwa sababu ilikuwa myepesi ya kubebeka na ilikuwa imekamilika: ukishaipata, unayo yote. Anayeuunda upya mchezo wa namna hiyo kisha akaufanya usibebeke, atakuwa ameutunza uso wake na kuutupa mguu ulioutembeza.

Haya siyasemi kwa kusikia. Miaka michache iliyopita nilinunua mchezo mmoja wa risasi wa zamani uliokuwa umeundwa upya, ambao sitautaja jina wala wenyewe, kwa kuwa lengo langu si kumchafua mtu. Niliupakua kwa usiku tatu mfululizo nikitumia bando la usiku, nikilala sakafuni katika banda ili niiwashe tena kazi kila mtandao ulipokatika. Ulipokamilika, nikawaita vijana. Mchezo ulifunguka katika mashine mbili tu kati ya sita, nazo zikawa zinakwenda kama mtu anayepanda mlima na gunia. Baadaye nikagundua kwamba kila unapoufungua unataka kwanza uunganishwe na intaneti kuhakikisha kwamba wewe ni wewe, ingawa hadithi yake inachezwa na mtu mmoja na haihitaji mtu mwingine yeyote duniani. Mchana mmoja mtandao ulipotea mtaa mzima, na vijana sita waliokuwa wamekwishalipa wakasimama mbele yangu wakitazama duara likizunguka kwenye skrini. Nikawarudishia hela zao. Mdogo wao, mtoto wa darasa la sita, aliniuliza, "Kaka, si tumeununua?" Sikuwa na jibu la kumpa, na ningependa mmoja wenu anipe.

Najua mtasema kwamba wachezaji wa sasa wanataka picha za sasa. Ni kweli, na vijana wangu pia wanazitaka. Lakini wapo walioonyesha kwamba njia mbili zinaweza kukaa katika nyumba moja. Halo: Combat Evolved wa mwaka 2001 uliporudishwa mwaka 2011, waliweka kitufe kimoja: ukikibonyeza unaona picha mpya, ukikibonyeza tena unaona za zamani, palepale katikati ya mapigano. Quake wa mwaka 1996 ulirudishwa mwaka 2021 na studio ya Nightdive, ukanyooshwa kwa ajili ya skrini za sasa, ukapewa uwezo wa watu kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa, na waliokuwa wameununua zamani kwenye kompyuta wakapewa toleo jipya bila kulipa tena. Half-Life ulipotimiza miaka 25 mwaka 2023, watengenezaji wake, Valve, waliurekebisha ukae vizuri kwenye skrini pana bila kuugeuza kuwa mchezo mwingine. Hili la skrini pana kwetu si dogo, kwa sababu mchezo wa zamani ukiulazimisha kwenye skrini ya leo picha hutanuka, walinzi wanakuwa wanene kama mapipa, na shabaha inakudanganya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni System Shock. Mchezo huo ni wa mwaka 1994. Nightdive haohao walianza kuwachangisha wapenzi wake mwaka 2016, na toleo jipya likatoka mwaka 2023. Wangeweza kupaka kila ukuta picha laini ya kisasa. Badala yake, ukiusogelea ukuta unaona vipande vya rangi vya mraba vimeachwa makusudi, ili macho yakumbuke mchezo huo ulikotoka, huku mwanga na vivuli vikiwa vya leo. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeutazama mchezo kwa upendo kabla hajashika zana.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni kitufe. Undeni sura mpya ya I.G.I. kwa ufundi wote mlio nao, lakini ndani ya mchezo huohuo iacheni sura ya zamani, na hakikisheni kwamba mtu akiichagua mzigo unapungua kweli kwenye mashine, picha kubwa zisipakiwe kabisa, na hata wakati wa kupakua aweze kuchagua kuchukua sura nyepesi peke yake. Mashine isiyo na kadi ya picha ya kujitegemea, yenye memori ya GB 4, iweze kuufungua. Ukishawekwa, usidai intaneti tena. Na faili zake ziwe za kuhamishika kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa leseni ya banda kama langu, ili nisilazimike kupakua kitu kilekile mara sita.

Yapo pia yanayohitaji kujengwa upya kabisa, na hapo msiwe na woga. Waliotengeneza Black Mesa, ambao walianza wakiwa mashabiki tu wa Half-Life, walipoifikia sehemu ya mwisho iliyolalamikiwa na wengi hawakuinakili. Waliijenga upya, na kazi nzima ikakamilika mwaka 2020, miaka minane baada ya toleo lao la kwanza. Katika I.G.I. sehemu ya namna hiyo ni akili za walinzi. Walikuwa na shabaha kali mno kwa mbali, lakini mwenzao akianguka hatua chache kando, mara nyingine waliendelea na doria kama hakuna lililotokea. King'ora kilipolia wengine walimiminika kutoka mabwenini bila kwisha. Wapeni masikio na kumbukumbu. Mlinzi akiona maiti, ashtuke, aite, atafute. Lakini upana wa ardhi, ukimya kabla ya risasi ya kwanza, kule kuteleza kwenye waya kutoka mnara hadi mnara, na uhuru wa kuchagua upande wa kuingilia, hivyo msiviguse. Msituwekee mshale wa kutuongoza. Tulijifunza kutazama kwa sababu haukuwepo.

Jambo la lugha nalitaja kwa kifupi, ingawa kwangu ni zito. Kila misheni huanza na maelezo ya Kiingereza, na wengi wetu hatukuyaelewa. Alikuwepo kijana mmoja wa kidato cha pili tuliyemwita Mkalimani, ambaye alisogezewa kiti bila kulipa ili atuambie tunatakiwa tufanye nini, na siku asipokuja tulitembea kambini tukifungua kila mlango kwa kubahatisha. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na lugha hii ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Maandishi ya I.G.I. si mengi, ni maelezo ya misheni, mazungumzo ya redioni na majina ya vitu. Yawekeni kwa Kiswahili. Mkalimani wetu sasa ni mwalimu wa sekondari, na nina hakika ataifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Nina deni ambalo lazima nilitaje, maana barua hii haitakuwa ya haki nisipolitaja. Ile CD ya kafe ilikuwa ya kunakiliwa. Watu wa Innerloop hawakupata hata shilingi moja kutoka Barabara ya 8, na studio yao ilikwishafungwa kabla sijajua kwamba mchezo una wenyewe. Hilo linaniuma tangu nilipoanza kuishi kwa kazi ya mikono yangu. Ninataka kulipa, na ninawafahamu watu wazima wengi hapa mjini wanaotaka kulipa. Lakini wengi wetu hatuna kadi ya kununulia vitu nje ya nchi. Tunalipa kwa simu, kama tunavyolipa umeme, ada na nauli. Wekeni njia hiyo, na wekeni bei inayotambua kipato cha mahali, nanyi mtaona jina la Tanga kwenye hesabu zenu.

Nafahamu kwamba jaribio la kuirudisha I.G.I. limewahi kutangazwa. Mwaka 2019 tuliahidiwa I.G.I. Origins, ambao hadithi yake ingetangulia ile tunayoijua. Siku ile simu yangu haikutulia. Watu ambao hatujasemeshana tangu darasa la saba walinitumia ile video. Hadi leo hatujaushika mikononi. Siwalaumu, maana najua studio huyumba na fedha hukauka. Lakini kama mmefika mahali ambapo hamna nia wala uwezo wa kuujenga upya, basi naomba mfanye kama alivyofanya John Carmack, mmoja wa watengenezaji wa Doom, mwaka 1997, alipoufungulia umma msimbo wa mchezo huo, yaani maandishi ya programu yanayouendesha. Tangu hapo wapenzi wake wameuhamishia kwenye kila kitu chenye skrini, na mchezo wenyewe unaendelea kuuzwa. Fungueni msimbo wa injini ya I.G.I., hata mkibakiza haki ya picha na hadithi. Wapo vijana wa vyuo hapa Tanzania watakaoufungua na kuusoma usiku kucha.

Mkiamua kuujenga, nina huduma moja ninayoweza kuwapa bila malipo. Nileteeni toleo la majaribio. Nitaliweka kwenye mashine zote sita, ikiwamo ile ya mwisho karibu na mlango, ambayo prosesa yake ni ya zamani, Core 2 Duo, memori yake ni GB 4, feni yake inalia, na mausi wake lazima uubonyeze kwa nguvu upande wa kushoto. Nitaliwasha mchana wa Jumamosi, joto likiwa limepamba moto na vijana wamejaa, kisha nitauzima umeme kwa makusudi katikati ya misheni, niuwashe tena, na kuwaandikia kwa uaminifu ni nini kilichobaki kwenye skrini.

Wasalaam,

Fundi na mwenye banda la gemu,
Ngamiani, Tanga.